Waulize Wajuzi: Nataka kufungua mkahawa wa paka Dar

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mikahawa ambayo mteja analipia kukaa na wanyama huku anakunywa kahawa. Mtindo huo ulianza Taipei, Taiwan, mwaka 1998, ukaingia Osaka, Japani, mwaka 2004 na huko ndiko ulikopamba moto. Mwaka 2012 ulifika Vienna, na 2014 London na Marekani. Sasa video zake zimejaa kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam, na wapo wanaotaka kufungua wa kwao. Barua zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Majibu ni ya wataalamu wetu wa afya ya wanyama na usafi wa vyakula.

Habari za kazi, wahariri. Nina fremu ya nyumba hapa Sinza. Sebule ni mita 5 kwa 6, nyuma kuna jiko na vyumba viwili. Nataka mkahawa wenye paka kama 15. Nianzie wapi?
*Msomaji, Sinza*

Ndugu yetu, paka 15 hapo ni wengi mno. Sebule yako ina mita za mraba 30. Miongozo ya madaktari wa wanyama wanaosimamia makazi ya paka Marekani inataka kila paka mkubwa apate angalau mita za mraba 1.7, na hicho ni kiwango cha chini cha mahali pasipoingia wageni kila saa. Kwa mkahawa zidisha mara mbili. Paka 8 wanatosha, na wageni wasizidi 10 kwa wakati mmoja. Paka waliobanana hawapigani siku ya kwanza. Mmoja anaanza kushinda juu ya kabati, mwingine anawazuia wenzake kufika kwenye chakula, wa tatu anakojoa kwenye makochi. Baada ya wiki chache utaona chafya na macho yenye tongotongo, kwa sababu paka wengi wana virusi vya mafua vilivyolala mwilini, na msongo ndio huviamsha.

Anza na ramani, paka waje mwisho. Chora kwenye karatasi, uipeleke kwa afisa afya wa manispaa kabla hujamwita fundi. Atakachotazama kwanza ni jiko, maana mnyama hai hatakiwi kuwepo panapotayarishwa chakula. Jiko na kaunta vikae upande mmoja, paka upande mwingine, katikati ukuta uliofika dari. Weka kioo kisichofunguka ili anayekunywa chai upande wa pili awaone. Mkahawa wa paka uliofunguliwa New York mwishoni mwa 2014 ulikwenda mbali zaidi: vitafunwa vyake vilipikwa kwenye jengo jingine kabisa. Kwa Dar tunashauri vinywaji viingie kwa paka vikiwa kwenye vikombe vyenye mfuniko, chakula kiliwe upande wa kaunta. Hata sambusa moja isivuke. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, chokoleti na kahawa humwendesha moyo mbio, na mgeni mwenye huruma lazima atamega.

Mlango ni milango miwili, yenye nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 katikati, yote ikijifunga yenyewe kwa springi. Wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Hapo katikati mgeni anavua viatu, ananawa mikono na kusomewa masharti. Madumu ya maji, gesi na mizigo mingine ipite mlango wa jikoni, kwa sababu mtu aliyebeba vitu mikono miwili atauzuia mlango kwa mguu, na paka huhitaji sekunde moja tu. Kwenye madirisha usitegemee wavu wa mbu, kucha zinauchana. Tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, ufungwe kwenye fremu kwa skrubu.

Chumba kimoja cha nyuma kiwe cha paka kupumzika, wageni wasiingie kabisa. Chini ya mlango wake kata tundu la sentimita 18 kwa 20 ili paka aingie na kutoka apendavyo. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku; asipopata pa kujificha atalala mbele ya wageni akiwa na wasiwasi, na huyo ndiye anayekuja kukwaruza. Chumba cha pili ni karantini, tutakieleza kwenye barua inayofuata. Fungua kwa awamu, mfano saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, kisha saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, na siku moja ya wiki mfunge kabisa. Japani wana kanuni inayozuia kuonyesha paka na mbwa wa biashara usiku, na sababu ni hiyo hiyo ya mapumziko.

Dar kuanzia Desemba hadi Machi joto hupita nyuzi 31 na unyevu ni mwingi. Kwa chumba chako kiyoyozi cha BTU 18,000 kinatosha, ukiweka nyuzi 25 au 26. Umeme ukikatika uwe na inveta inayoendesha feni mbili, na madirisha yafunguke bila hofu. Ndiyo maana wavu wa chuma haukwepeki.

Ukutani weka rafu za upana wa sentimita 30, ya kwanza kimo cha sentimita 60, zinazofuata zipandane kwa sentimita 40. Kila njia ya kupanda iwe na njia mbili za kushuka. Rafu yenye mwisho mmoja humfungia paka mnyonge juu, mbabe akiwa amekaa chini anamsubiri.

Nguzo za kukwaruzia usiagize nje, katani yetu ndiyo bora. Chukua bomba la PVC la inchi 4, likate sentimita 90, lisugue kwa msasa mpaka lipoteze mng'ao. Bila hivyo gundi haishiki. Lisimamishe kwenye ubao wa sentimita 50 kwa 50 na ujaze zege kimo cha sentimita 20, maana nguzo inayoyumba paka huigusa mara moja tu na kurudi kwenye kochi. Zungushia kamba ya katani ya unene wa milimita 10, kila mzunguko usukumwe ubanane na wa chini yake. Itazunguka mara 90 na kula kama mita 34, kwa hiyo nunua 36. Inuse kamba kabla ya kulipa. Nyingine zimepakwa mafuta kiwandani, na ikinukia mafuta paka hataisogelea. Kwa paka 8 tengeneza nguzo 4, mbili zikae karibu na wanapolala, kwa sababu paka hujinyoosha na kukwaruza mara tu anapoamka.

Paka niwatoe wapi? Feri pale sokoni wamejaa, na mtaani kwetu kuna jike kazaa juzi. Au ninunue wale wenye manyoya marefu?
*Msomaji, Kijitonyama*

Wenye manyoya marefu waache, hasa wale wa uso bapa. Joto la Dar linawachosha, macho yao hutoka machozi daima, na manyoya yanataka kuchanwa kila siku. Paka wa kienyeji ndiye wa kazi hii, lakini si kila paka wa mtaani. Tabia ya kumpenda binadamu hujengwa mapema, kati ya wiki ya 2 na ya 7 tangu kuzaliwa au zaidi kidogo. Paka aliyekua bila kushikwa na mtu kipindi hicho anaweza kuishi karibu nawe miaka na asikubali kamwe kubebwa. Kaa chini mita 2 kutoka kwake, tupa dagaa mmoja, usimtazame machoni. Anayekuja mkia umesimama wima anafaa kujaribiwa. Anayelala bapa chini, masikio kayabana na mboni zimepanuka, mwache alipo. Paka shume wa sokoni ukiweza mhasi, umchanje, umrudishe kwenye eneo lake. Ndani ya chumba na wageni atateseka.

Vitoto vya huyo jike wa mtaani kwenu ni nafasi nzuri. Usiwatoe kwa mama kabla ya wiki 8, ila anzeni kuwashika mapema, dakika chache kila siku, mikono ya watu tofauti.

Kila paka mpya akae karantini siku 21. Wengi huambiwa 14, lakini mapunye ya paka yanaweza kuchukua wiki tatu kuonekana, na mbegu zake hubaki kwenye vumbi na makochi zaidi ya mwaka. Paka mmoja mwenye kiraka cha upara nyuma ya sikio anaweza kukufungia biashara, kwa kuwa mapunye hayo huwapata na watoto. Karantini iwe na vyombo vyake, ufagio wake na gauni lake, na anayehudumia aanze kwa paka wazima, amalizie huko.

Siku ya kwanza daktari wa mifugo amkague, amwangalie ngozi, atoe dawa ya minyoo (hurudiwa baada ya wiki mbili) na achukue tone la damu kupima virusi vya saratani ya damu ya paka na vile vya upungufu wa kinga wa paka. Virusi hivyo haviambukizi binadamu, ila paka mwenye navyo asiishi na wenzake. Kipimo kirudiwe baada ya siku 60, maana maambukizi mapya hayaonekani mara moja. Chanjo ya mafua na panlukopenia, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua vitoto kwa siku chache, huanza wiki ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Paka mkubwa hupewa mbili, kisha baada ya mwaka. Kichaa cha mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Madume wahasiwe, majike wafungwe kizazi, wote, kabla hawajaingia chumba cha wageni.

Kwa viroboto tunaonya kwa nguvu zote: usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala ile ya mbwa yenye pemethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo. Ataanza kutetemeka, kisha degedege, kisha kufa. Omba dawa ya matone iliyoandikwa paka, yenye fipronil. Na panadol usimpe hata kipande. Kidonge kimoja kinamuua.

Vibali ni vipi?
*Msomaji, Ubungo*

Jina la biashara BRELA, TIN kutoka TRA, leseni ya biashara ya halmashauri yako, ukaguzi wa afisa afya na wa zimamoto, na vyeti vya upimaji afya vya wahudumu wote wanaogusa chakula. Upande wa wanyama, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakubana: mnyama aliye mikononi mwako ana haki ya chakula, maji, tiba na mazingira yasiyomtesa. Mtafute daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwandikishane mkataba wa kuja kila mwezi, na uwe na faili la kila paka lenye picha na kadi ya chanjo. Afisa mifugo wa kata akija, hilo faili ndilo atakaloomba.

Tulifungua mwezi wa pili, paka 7, kila kitu kizuri. Baada ya wiki tatu chumba kinanuka mkojo, wateja wanaziba pua. Tunapiga deki mara tatu kwa siku na dawa ya kunukia, tumeongeza kiyoyozi, lakini wapi. Mabeseni ya choo ni matatu, tunatumia maranda kutoka kwa mafundi mbao.
*Msomaji, Buguruni*

Mmetaja sababu zote wenyewe, tuzifuate moja moja.

Kwanza kiyoyozi. Kile cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha na kupoza hewa ile ile iliyo ndani pamoja na harufu yake. Wekeni feni ya kutolea hewa. Chumba cha mita za mraba 30 chenye dari ya mita 2.8 kina hewa ya mita za ujazo 84. Ili ibadilike mara 10 kwa saa, feni iwe na uwezo wa mita za ujazo 840 kwa saa au mbili za 420. Ikae upande wa mabeseni ya choo, na upande wa pili pawe na tundu la kuingizia hewa. Bila tundu hilo feni inazunguka bure.

Mabeseni 3 kwa paka 7 ni machache. Kanuni ni idadi ya paka na moja zaidi, kwa hiyo 8. Yasipangwe safu kwenye kona moja, kwa kuwa paka huyahesabu yote kama choo kimoja, na mbabe akikaa karibu wengine hawaendi. Beseni liwe refu mara moja na nusu ya mwili wa paka. Yale mapana ya kufulia yanafaa kuliko vyoo vidogo vya madukani.

Maranda yana matatizo mawili. Yanafyonza mkojo lakini hayaugandishi, hivyo huwezi kuchota sehemu iliyolowa. Ni kumwaga beseni zima kila siku. La pili ni zito zaidi: mbao nyingi za kupaulia zimewekwa dawa dhidi ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani, na maranda yake yana sumu. Paka hujilamba nyayo. Kama hamwezi kununua mchanga wa paka unaoganda, chukueni maranda kwa fundi wa fanicha mnayemwamini, mti mkavu usio na dawa, na mmwage yote kila jioni. Mchanga unaoganda uwe na kina cha sentimita 6. Chota asubuhi, mchana na usiku, badilisha wote kila wiki mbili au tatu. Mchanga wa bahari achaneni nao, haugandi wala hauzuii harufu.

Sasa deki. Kama mnapiga jiki juu ya mkojo, acheni leo hii. Jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu ya paka na ya mhudumu. Mkojo huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kisha siki na maji nusu kwa nusu, kisha maji matupu. Jiki ni ya kuua vijidudu kwenye sakafu iliyokwisha kuwa safi: ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, iache dakika 10, suuza, kausha, ndipo paka warudi. Na zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji zisiingie chumba cha paka. Zina fenoli, ambayo ni sumu kwa paka, naye akilamba nyayo anaichukua yote.

Tazameni pia sakafu. Saruji tupu na grauti ya kawaida katikati ya marumaru hunywa mkojo, na unyevu wa masika huurudisha kama harufu hata baada ya kuosha. Chokonoeni grauti ile karibu na mabeseni, mjaze ya epoksi, na kuta zipakwe rangi ya mafuta hadi kimo cha mita 1. Kisha ulizeni: madume wote wamehasiwa? Dume asiyehasiwa hurusha mkojo ukutani kuweka mipaka, na harufu yake ni kali kuliko ya paka wengine wote. Wengi huacha wakihasiwa, lakini tabia iliyokomaa inaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha.

Dawa ya kunukia itupeni. Pua ya paka haivumilii, na atahama choo kilichopuliziwa aende kwenye kochi.

Paka ni wa kawaida mno. Mimi nafikiria bundi, komba na kasuku, kama Tokyo. Dar hakuna mwenye wazo hili.
*Msomaji, Temeke*

Usifanye, kaka. Wanyamapori wa Tanzania wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumweka komba au bundi bila kibali ni kosa la jinai, na kibali hakipatikani kwa sababu ya kuuza kahawa. Kasuku wa kijivu biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu mwaka 2017, baada ya spishi hiyo kuhamishiwa orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini.

Weka sheria pembeni, utazame wanyama wenyewe. Komba huamka usiku, na ana desturi ya kujikojolea viganja na nyayo kisha kupanda kila kitu, kwa hiyo meza, vikombe na nywele za wageni vitapata. Meno yake ya mbele ni makali, na mwanga wa mchana unamuumiza macho. Bundi katika mikahawa ya Japani hufungwa mguu kwenye kijiti siku nzima, ndege ambaye mwili wake umeumbwa kuruka kimya usiku, huku watu wakimpapasa kichwa. Anayeganda kama sanamu hajatulia, ameogopa. Kwa hapa kwetu kuna la ziada: wateja wengi wataona bundi ni nuksi na hawatavuka kizingiti. Korea Kusini, iliyokuwa na mikahawa ya wanyamapori mingi kuliko nchi nyingi, ilipiga marufuku Desemba 14, 2023, na waliokuwepo wakapewa hadi Desemba 2027 kumaliza.

Asalaam aleikum. Duka letu lipo Kariakoo na wateja wetu wengi ni Waislamu. Paka na mbwa kwenye mkahawa, je, hakuna najisi?
*Msomaji, Kariakoo*

Waaleikum salaam. Kwa paka jambo ni jepesi. Hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, ndiyo inayotegemewa: paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Juu ya manyoya yaliyodondoka wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wana maelezo yao, mwulizeni shehe wenu. Kwa upande wetu wekeni rola ya gundi mlangoni kila mgeni ajisafishe nguo kabla ya kuondoka, na pa kunawia.

Mbwa ni tofauti. Kwa Shafii mate yake ni najisi nzito, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ukimleta mbwa hata siku moja, sehemu kubwa ya Kariakoo haitarudi, na wana haki. Baki na paka, andika wazi nje: hapa kuna paka tu.

Shikamooni. Mwanangu wa miaka 6 alikwaruzwa mkono na paka kwenye sherehe ya kuzaliwa. Nami nina ujauzito wa miezi minne, wifi ananiambia nikae mbali na paka kabisa. Nifanye nini?
*Mama wa Tabata*

Marahaba, mama. Mkwaruzo au jino la paka huoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, saa ikiwa mbele yako. Usifunge, usipake dawa ya meno wala mafuta ya taa. Kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hasa kama ameng'atwa, kwa sababu jino la paka ni jembamba na hupeleka vijidudu ndani kabisa huku juu pakionekana pamefunga. Ulizeni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya huyo paka. Daktari ataamua kuhusu sindano, nanyi msichelewe kuzianza kama amezishauri. Paka mwenyewe afungiwe na kutazamwa siku 10. Mkono ukivimba, au tezi za kwapani zikiuma wiki moja au mbili baadaye, mrudishe. Mkahawa usiokuwa na kadi hizo za kuonyesha siku ile ile, usirudi.

Kwa ujauzito, wifi ana sababu lakini amepita kiasi. Hofu ni toksoplasma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambayo hutoka kwenye kinyesi cha paka, na huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla haijaweza kuambukiza. Choo kikichotwa kila siku hatari hupungua sana. Wewe usichote, usilime bustani mikono mitupu, na unawe baada ya kumshika paka. Angalia zaidi sahani yako: mishikaki isiyoiva katikati na kachumbari isiyooshwa vizuri huwaambukiza akina mama wengi kuliko paka wa kupapaswa.

Watoto chini ya miaka 8 sisi tungewazuia kabisa kuingia mikahawa hii kwa makundi ya sherehe. Kelele na kukimbizana ndivyo vinavyomfanya paka mpole atoe kucha.

Sungura je? Kigamboni tuna nafasi ya nje.
*Msomaji, Kigamboni*

Joto likipita nyuzi 28 sungura anaanza kuteseka, na mchana wa Kigamboni hupita hapo mara nyingi. Pia akishikwa vibaya hurusha teke la nyuma na kuvunja uti wake mwenyewe. Wageni wamtazame, wamlishe nyasi, wasimbebe.

Biashara yangu haiendi, nafunga mwisho wa mwezi. Paka 6 niwapeleke wapi? Rafiki anasema niwaachie sokoni, watapata vichwa vya samaki.
*Msomaji, Mikocheni*

Pole sana, na asante kwa kuuliza kabla. Sokoni usiwapeleke. Paka aliyelishwa bakulini miaka miwili hajui magari wala mbwa, na paka wenye eneo lao watamfukuza usiku wa kwanza.

Andika tangazo la kila paka peke yake: picha ya mchana, umri, tabia halisi (anapenda kubebwa au hapendi, anaelewana na watoto au la), chanjo na kuhasiwa. Waambie kwanza wateja wako wa mara kwa mara, maana tayari wanajua majina yao na tabia zao. Oakland, Marekani, kulifunguliwa mkahawa mwaka 2014 kwa lengo hilo tangu mwanzo, paka walikaa kwa muda mpaka wapate nyumba, na hata hapa ingekuwa busara kila anayefungua apange hivyo. Wawili waliozoea kulala pamoja waondoke pamoja. Mwombe anayechukua akuonyeshe madirisha na mlango wake, mwandikiane kwamba akishindwa atakurudishia wewe, hatamgawa. Usimpe paka mtu anayetaka wa kukamata panya ghalani asiyejua hata jina lake.

Aondoke kwenye kikapu chenye mfuniko, na kitambaa alichokuwa akilalia ambacho hakijafuliwa. Nyumba mpya impe chumba kimoja tu wiki ya kwanza, choo kona moja, chakula na maji kona nyingine, aina ile ile ya chakula: paka wa kilo 4 hula gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku. Chakula cha mbwa hakifai, hakina kirutubisho cha taurini cha kutosha, na paka akikosa taurini moyo na macho huharibika. Asipokula kabisa kwa saa 24, aonwe na daktari. Ini la paka huanza kujaa mafuta haraka akikaa na njaa, hasa akiwa mnene. Asitoke nje kwa wiki 4 angalau. Akitoka mapema atajaribu kurudi Mikocheni kwa miguu.

Tukipata wasomaji wanaohitaji paka tutawaunganisha nawe. Tutumie picha kabla ya tarehe 20.